Malisho ni ya Wote, Fedha ni za Nani?

Kama hujawahi kufika Mwese, jambo la kwanza kulijua ni baridi. Nyanda hizi za juu mkoani Katavi hazifanani kabisa na joto la Mpanda mjini. Mama huamka alfajiri, hujifunga kanga mbili, huwasha moto, na kabla chai haijachemka kijana amekwisha kufungua zizi na ng'ombe wako njiani.

Wanakwenda kulishwa wapi? Zamani hilo lilikuwa swali la baba na mchungaji wake. Mama alisubiri maziwa tu jioni. Siku hizi ni swali la kijiji kizima, tena ni swali la fedha nyingi, na ndiyo maana tumeona tuliandike katika kurasa hizi za akina mama badala ya kuwaachia wanaume walizungumze peke yao chini ya mwembe.

Ruzuku tumeizoea ya mbolea na mbegu. Lakini ipo fedha nyingine ambayo hulipwa kwa ajili ya ardhi isiyo ya mtu mmoja: msitu wa kijiji, mbuga ya kijiji, malisho ya wote. Fedha ya namna hiyo ina tabia yake. Haiji mlangoni kwa mtu. Inakuja kwa kundi, na kundi ndilo linaloamua ni nani ndani na ni nani nje.

Msitu unaolipa

Mwese ni mojawapo ya vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vilivyoungana kutunza misitu ya milima ya Ntakata. Vingine ni Lwega, Bujombe, Kapanga, Katuma, Mpembe, Kagunga na Lugonesi. Kwa pamoja vimetenga zaidi ya hekta 200,000 za msitu, sehemu kubwa ikiwa ni miyombo, ambamo tembo na sokwe mtu bado wanaishi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 vijiji hivi hulipwa kwa kutokuukata msitu huo, kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Watu wanaiita fedha ya hewa ya ukaa.

Wapo akina mama wengi wanaolisikia neno hilo redioni na kuliacha lipite. Tulieleze kwa lugha ya jikoni. Kuni ikiungua hutoa moshi. Basi mti uliosimama ni kama umefungia moshi ndani yake, nao ukikatwa na kuchomwa, moshi ule huachiliwa angani na kuongeza joto la dunia. Makampuni ya nchi za nje yanayotoa moshi mwingi huko kwao hulipa ili moshi wa Ntakata ubaki umefungiwa. Picha za setilaiti huonyesha msitu umepungua kiasi gani, na walinzi wa kijiji hutembea kwa miguu kuangalia. Ukipungua sana, kuna kidogo cha kuuza. Ukisalimika, kijiji kinapata.

Fedha yenyewe huingia katika akaunti ya kijiji, na matumizi yake huamuliwa na kijiji chenyewe. Katika vijiji hivi imejenga zahanati, vyumba vya madarasa na ofisi za kijiji, imelipia kaya bima ya afya, na imewalipa walinzi wa msitu posho zao. Mama aliyewahi kubebwa kwa machela usiku kwenda kujifungulia mbali haitaji kuelezwa thamani ya zahanati iliyo karibu.

Basi ng'ombe wanaingiaje katika habari hii ya miti?

Wanaingia kwa sababu msitu na malisho ni majirani wasio na ukuta. Kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi yake hugawa eneo: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Kwenye karatasi mistari inapendeza. Lakini ifikapo Agosti nyasi za malisho zimekwisha, mabonde ya msituni yana maji na majani mabichi, na ng'ombe hajui kusoma ramani. Kwato peke yake si kitu cha kuogopesha sana. Hatari ni yale yanayofuata nyuma ya ng'ombe: moto unaowashwa ili majani mapya yachipue, miti inayobanduliwa magome ili ikauke na kuachia nyasi, kambi ya mifugo ambayo baada ya misimu miwili ina shamba la mahindi pembeni. Kwa kambi moja ya namna hiyo kijiji kizima kinapunguziwa malipo.

Ndipo sheria ndogo za kijiji zinapotungwa, na mifugo inayokamatwa msituni inatozwa faini. Na nani analipa faini hiyo? Baba anauza ndama. Kama hakuna ndama, gunia la maharage ya mama linatoka ghalani.

Watu wa njia nyingi

Mwese haina kabila moja, na hilo hufanya jambo hili liwe zito. Wenyeji wa nchi hii ni Watongwe na Wabende, watu wa asali na wa msitu. Katikati ya miaka ya 1960 walifika Wanyarwanda waliokimbia machafuko kwao, wakapitia Kongo, kisha wakapewa makazi Mwese kwa msaada wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, ambalo liliunda shirika la kuhudumia wakimbizi nchini mwaka 1964. Wengi wao walikuwa wafugaji kwa jadi. Mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 waliokuwa wakiishi nchini. Upande mwingine lipo eneo la Mishamo, lililofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi. Na kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Kisukuma walianza kuteremka na mifugo yao kutoka kaskazini wakitafuta nyasi katika mikoa hii ya magharibi.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ukiitwa kuzungumzia malisho, kila mmoja anakuja na kumbukumbu yake. Mmoja anasema, babu yangu alitundika mizinga hapa. Mwingine, sisi tuliletwa na Serikali. Mwingine, mimi nina risiti ya michango yote ya shule, kwa nini niitwe mgeni?

Tunawakumbuka wachungaji wa Abramu na wa Lutu, waliogombana kwa sababu nchi haikuwatosha kwa wingi wa mifugo. Lakini wale walikuwa na nafasi ya kuachana, huyu kulia, yule kushoto. Watu wa Mwese hawana nafasi hiyo tena. Upande mmoja kuna hifadhi ya taifa ya Milima ya Mahale, upande mwingine makazi ya watu. Wanalazimika kupatana palepale walipo.

Naomba tusiseme kwamba mfugaji ni adui wa miti. Wasukuma hao hao wana desturi yao ya ngitili: nyasi zinafungwa wakati wa mvua, hakuna kuingiza ng'ombe, zinafunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama, wazee na wanyama dhaifu. Mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili ndiyo iliyofufuliwa, na zaidi ya hekta 300,000 zilizokuwa zimegeuka jangwa zikarudisha miti na majani. Akina mama wa Shinyanga walipata kuni karibu na nyumbani, na dawa za miti shamba, na maboriti ya kuezekea. Hakuna aliyewafundisha kutoka ng'ambo.

Yaliyowapata Waingereza

Ni vizuri pia kuangalia wenzetu waliotangulia kupokea fedha ya malisho ya pamoja, maana walikosea kwa namna ambayo nasi tunaweza kukosea.

Huko Uingereza milima mingi hulishwa kwa pamoja. Kila familia yenye haki hupeleka kondoo wake juu, na haki hiyo hurithiwa pamoja na shamba la chini. Mwaka 1965 bunge lao lilipitisha sheria ya kuandikisha haki hizo: kila mwenye haki aandike ana kondoo wangapi, ng'ombe wangapi. Watu ni watu popote. Wengi waliandika idadi kubwa kuliko mlima ungeweza kulisha, na pale ambapo hapakuwa na aliyeweka pingamizi, idadi hiyo ilikubaliwa ilivyo na kufungwa katika daftari.

Kisha kwa miaka mingi ruzuku ya wafugaji wa milimani ikawa inalipwa kwa kila kichwa cha mnyama. Unadhani nini kilitokea? Kila nyumba iliongeza kondoo. Miaka ya 1980 na 1990 milima ya Wales na ya kaskazini mwa Uingereza ilitafunwa hadi vichaka vya asili vikatoweka mahali pengi. Hakuna mtu aliyekusudia kuharibu mlima. Kila mmoja alifuata hesabu iliyowekwa mbele yake, na hesabu ilisema kondoo mmoja zaidi ni fedha zaidi.

Mwaka 2005 utaratibu ukageuzwa. Fedha ikaanza kulipwa kwa hekta badala ya kwa kichwa. Lakini mlima wa pamoja utaupimia nani hekta zake? Wakarudi kwenye daftari lile lile la zamani na kugawa eneo kwa kufuata idadi zilizoandikwa. Ikawa mtu aliyeandikwa haki kubwa, hata kama hakuwa na kondoo hata mmoja mlimani, aliweza kulipwa, na jirani yake anayechunga kwenye mvua na theluji akapata kwa kadiri ya jina lake lilivyosomeka. Malipo ya namna hiyo yalifungwa England mwaka 2023, na sasa fedha zao za umma huelekezwa zaidi kwa anayefanya kazi ya kutunza mazingira.

Mimi nikiisoma habari hiyo sioni kondoo, naona daftari. Aliyekuwapo siku ya kuandikisha, na aliyekuwa na ujasiri wa kusema "idadi hiyo si kweli", ndiye aliyeamua maisha ya mlima kwa miaka 40 iliyofuata.

Daftari la Mwese

Kwetu daftari hilo ni nini? Ni orodha ya wakazi wa kijiji, ni mpango wa matumizi ya ardhi, na ni muhtasari wa mkutano mkuu. Na hapa, mama, sheria iko upande wako kuliko wengi wanavyojua.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wakazi. Si mali ya mwenyekiti. Sheria hiyo hiyo inampa mwanamke mtu mzima haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na inatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu. Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro kama hii ya mkulima na mfugaji, lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Nayo Sheria ya Maeneo ya Malisho ya mwaka 2010 inakitaka kijiji kitenge na kusimamia malisho, na kuangalia idadi ya mifugo isizidi uwezo wa nchi.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Si wa mabwana na wajane tu. Mke wa pili ni mjumbe. Binti aliyerudi nyumbani na watoto wake ni mjumbe. Mke wa mfugaji anayeishi kijijini kihalali ni mjumbe, hata kama lafudhi yake inachekwa.

Tusidanganyane, kuwa na haki na kuitumia ni vitu viwili. Mikutano huitwa saa ambayo mama yuko shambani au yuko kisimani. Akifika hukaa nyuma na mtoto mgongoni. Akisimama kusema, kuna atakayemuuliza mume wake yuko wapi. Wengi wetu tumeyaona haya, na wengine, tukubali, tumewacheka wenzetu waliothubutu.

Lakini hebu tufikirie kinachoamuliwa tukiwa hatupo. Katika nyumba nyingi za wafugaji ng'ombe ni wa baba, ila maziwa ni ya mama. Yeye ndiye anayekama au kusimamia ukamaji, anayegawa ya watoto, anayebakiza ya mtindi, anayeuza lita mbili apate chumvi na daftari la shule. Mkutano ukiamua malisho yahamishiwe mbali, ng'ombe watakwenda kambini na kijana, na maziwa yatakwenda nao. Baba bado ana ng'ombe wake, idadi ni ile ile. Mama ndiye aliyepoteza, na hakuna safu ya kuandika hasara hiyo katika ramani.

Kuni nazo ni hivyo hivyo. Mstari wa msitu ukichorwa nyuma ya nyumba bila kusema neno juu ya kuokota kuni kavu, uyoga wakati wa mvua, na majani ya kuezekea, yule anayekamatwa na mlinzi ni mama mwenye mtwana wa kuni kichwani. Jambo kama hilo huandikwa katika sheria ndogo kwa sentensi moja, na sentensi hiyo huingizwa kwa urahisi kabla sheria haijapitishwa. Baada ya hapo ni kazi ya miaka.

Bima ya afya nayo ina daftari lake. Utaratibu wa CHF iliyoboreshwa ulioanza mwaka 2018 ulihesabu kaya kuwa watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kijiji kinapolipia kaya, ni neema. Lakini kaya yenye mama wawili na watoto tisa ni kaya moja au mbili? Mjane anayeishi uani kwa shemeji yake anahesabiwa wapi? Hayo hayaulizwi na mtu mwingine ila na yule yanayemhusu.

Mkutano usiofanyika vizuri hurudi

Majirani zetu wa Kenya wanatuonyesha kitu kingine. Huko kaskazini, katika kaunti kama Isiolo, Northern Rangelands Trust ilianzisha mradi wa kuuza hewa ya ukaa inayotunzwa ndani ya udongo wa malisho. Wafugaji walitakiwa wachunge kwa zamu, wakipumzisha sehemu moja wakati wanalisha nyingine, ili nyasi na udongo vipone. Makampuni makubwa ya Marekani, yakiwamo Netflix na Meta, yalikuwa miongoni mwa wanunuzi. Hapo ng'ombe hakufukuzwa, yeye ndiye alikuwa chombo cha kazi. Kwa kweli ni wazo zuri.

Lakini baadhi ya wananchi walikwenda mahakamani wakisema hifadhi za jamii ziliundwa bila wao kushirikishwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mahakama iliamua kwamba hifadhi mbili kati ya hizo zilianzishwa kinyume cha sheria, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Miaka ya kazi, fedha na vipimo vya udongo, vyote vikatikiswa na jambo dogo la mwanzo: nani aliitwa, nani alikubali.

Na Simanjiro hapa kwetu kuna mfano mpole zaidi. Katikati ya miaka ya 2000 kijiji cha Terrat kilikubaliana na makampuni ya utalii kwamba sehemu ya mbuga yake isilimwe wala isijengwe, ila Wamasai waendelee kuchunga, na kijiji kilipwe takriban shilingi milioni 5 kwa mwaka. Fedha si nyingi. Lakini malisho yalibaki malisho, na wanyama pori wakapita. Nimeupenda mfano huo kwa sababu ulianza na kitu ambacho wenyeji walikuwa tayari wanakitaka: nyasi zisilimwe.

Kwa mama wa Mwese anayesoma haya, au aliyesomewa na mwanawe, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Tangazo hubandikwa ofisini. Nendeni wengi, mke wa mkulima na mke wa mfugaji mkae pamoja badala ya kukaa kwa kabila, na pataneni mapema nani atasimama kuuliza nini, maana swali la watu kumi haliitwi kiburi cha mtu mmoja. Ombeni taarifa ya mapato na matumizi isomwe yote, kiasi kilichoingia na kilichotoka, kwa shilingi, si kwa maneno kwamba "maendeleo yanaendelea". Ombeni muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kabla ya kupitishwa, na kama ulisema neno nalo halimo, lirudishwe.

Kisha ombeni ramani ya matumizi ya ardhi itandikwe mezani, na mtu aonyeshe kwa kidole mpaka wa malisho unapokutana na msitu. Angalieni kijito kiko upande gani wa mstari. Kama kimeachwa upande wa msitu, ulizeni ng'ombe watanyweshwa wapi mwezi wa Septemba, na ni fungu gani la fedha hizo litachimba lambo kabla kiangazi hakijafika.